Mwambie Mwenzio

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawali pamoja, hawaketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huingia porini ili mwingine apite. Siyo chuki, ni heshima, na heshima hiyo ni nzuri sana kila mtu akiwa kwake. Lakini watie hao wawili ndani ya gari moja kutoka Urambo hadi Tabora, wewe uliye mke na binti uwe katikati yao, ndipo utajua heshima inavyochosha.

Tulikuwa tumekwenda Urambo kubarikiwa. Ndoa yetu ilitimiza miaka ishirini na mitano, na padre wa misheni tulikofungia alituita tuombewe pamoja na wenzetu tuliofunga nao mwaka ule. Mume wangu alikuwa dereva wa Mwarabu mmoja mwenye duka mjini Tabora, na tajiri yule, Mungu amrehemu, alimpa gari lake dogo kwa siku chache. "Nenda kamtembeze bibi harusi," alimwambia. Basi nikatembezwa, nikavishwa maua kichwani na umri wangu ule, nikacheka. Kisha nikaenda kumwona mama.

Nilimkuta analala upande mmoja wa nyumba kwa sababu upande wa pili paa lilikuwa limeanguka. Kaka yangu aliyekuwa akimtunza alikwenda pwani kukata mkonge na hakurudi. Asubuhi ya kuondoka nilifunga vitu vyake kwenye kanga, nikamketisha kiti cha nyuma, nikamwambia tunampeleka hospitali, akatibiwe magoti. Mume wangu nilimwambia kweli: "Simwachi." Aligeuza kioo cha ndani kikatazama dari, akawasha gari.

Nyumba yetu ya Itetemia, pale Tabora, ilikuwa na vyumba viwili na mlango mmoja. Mama angelala wapi asionane na mkwe wake? Mume wangu akikataa, ingenipasa kuchagua kati yake na mama.

Mume wangu alifuata njia ya zamani, ile ya misafara, makusudi, tufaidi macho. Na kweli ilipendeza. Miyombo ilikuwa inachipua kabla ya mvua, majani mekundu kila upande, mizinga ya nyuki juu ya matawi, na hapa na pale safu ya miembe iliyoachwa na wasafiri wa kale. Baba wa mume wangu alipita huko na pembe ya ndovu begani, naye alipenda kutusimulia. Siku nyingine ningemsikiliza. Siku ile mgongo ulikuwa unaniuma, vumbi limenijaa hadi menoni, na nilikuwa na kazi.

"Mwambie mwenzio asikimbize gari, magoti yangu yanagongana," alisema mama kwa Kinyamwezi.

"Magoti yake yanagongana."

"Mwambie mama tukienda polepole usiku utatukuta porini."

"Usiku utatukuta porini."

"Mwambie usiku mimi nimeuzoea kuliko yeye."

Jamani! Ungeweza kunyoosha mkono ukamgusa mmoja na mwingine. Wote walisikia, hakuna aliyekuwa na ugonjwa wa masikio, lakini hakuna aliyejibu mpaka mimi nirudie. Nikinyamaza, nao wananyamaza, wananingoja. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi.

"Si mmesikia wenyewe!" nilifoka.

Mama akanikumbusha kwamba mwanamke hafoki safarini. Mume wangu akaniomba nimwambie mama kwamba kwa hilo wanakubaliana.

Alasiri tukafika kwenye kizuizi cha mbung'o. Serikali haikutaka magari yabebe mbung'o na malale yao hadi mjini, kwa hiyo kila gari liliingizwa kwenye banda la bati lisilo na dirisha, ila kitundu kidogo chenye wavu kule juu, mbung'o wafuate mwanga wanaswe. Tuliingia, askari akafunga milango nyuma yetu. Joto la tanuri. Giza nalo, sikuona hata mikono yangu mapajani.

Tukakaa. Kisha nikasikia sauti ya mama, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Mkwe wangu."

Nilishtuka nikashika mlango. Mume wangu alikohoa. "Naam, mama."

"Hospitali hakuna. Huyu binti hajui kudanganya tangu mdogo. Unanipeleka wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Vyumba vingapi?"

"Viwili."

"Basi nirudishe, baba. Sitaki kukuvunjia heshima uzeeni."

Mbung'o mmoja alikuwa anavuma kwenye kioo.

"Nitajenga uani," mume wangu akasema taratibu. "Nimekuwa nikiwaza tangu asubuhi. Miti ninayo, bati nitamwomba tajiri. Mlango wetu unatazama mashariki, wako nitauelekeza magharibi. Utaingia na kutoka wala hatutaonana. Mpaka nyumba iishe, mimi nitalala kwa jirani."

Nikamsikia mama akijigeuza kitini.

"Isiwe mbali sana," akasema. "Usiku nakohoa. Nataka mtu asikie."

"Nitasikia, mama."

Milango ikafunguliwa, mwanga ukatuchoma macho. Mama alikuwa amejifunika kanga uso mzima, mume wangu anatazama mbele. Nikaanza kulia, nikalia hadi Tabora, na hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza ninalilia nini.