Hodi ya Mara Moja

Hii niliiona mimi mwenyewe, mchana, jua likiwa juu ya mabati. Sikuota, na pombe sinywi. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize.

Ninakaa Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, na mujukuu wangu wa kike, Riziki; mi ni koko yake, bibi yake. Alijifunza mambo ya ordinatere, yaani kompyuta, hapa hapa kambini, na biro moja, ofisi ya Lilongwe, kule City Centre, ikamupa mutihani wa kazi: aandike programu ya kuamsha pompe ya maji. Pompe iko na kadi ndogo ya umeme inayoiongoza. Kadi yenyewe ilibaki kwao. Riziki alipewa kadi ya kuigiza, haishikwi na mukono, inaishi ndani ya ordinatere tu. Programu ikiamka vizuri, itaandika "Niko tayari". Akiituma mbele ya jioni, kazi iko yake. Asipotuma, anarudia kushona masuruali ya bantu pamoja nami.

Sasa, programu haikuamka. Anazima, anawasha, ekrani ya ordinatere nyeusi. Ule mutoto alikuwa hajala tangu asubuhi, machozi iko karibu.

"Riziki, kula nsima kwanza."

"Koko, niache. Nsima haitaniandikia programu."

Njo pale mutu alipiga hodi mulangoni. Mara moja tu.

Sisi bantu ba Uvira, kule Kongo, hodi ya mara moja hatuiitiki. Unanyamaza, unangoja ya pili, juu mufu hana nguvu ya kupiga ya pili. Mama yangu alinifundisha hii mbele ya kunifundisha kusonga bugali. Na mi ile siku, kichwa yote ikiwa kwa ule mutoto, nikaitika: "Karibu, ingia!"

Akaingia muzee mwembamba, koti ya kahawia, jua nyuma yake, sura sikuiona vizuri. Nikamupa kiti, nikamupa kikombe cha maji. Hakuuliza hata habari. Aliangalia ekrani, akatoa mufukoni kioo kidogo cheusi cha kukuza vitu, akakibana kwenye jicho, akainama.

Niamini. Ile namna ya kubana kioo na kukunja mudomo ilikuwa ya mutu mmoja tu: Muzee Kashindi, fundi wa saa kwenye soko la Uvira, jirani yangu. Na Muzee Kashindi tulimuzika. Mi mwenyewe nilipika kwenye kilio chake. Riziki alikuwa hajazaliwa, angemujua wapi?

"Programu yako imeamka, mama," akamuambia Riziki. "Inauliza saa ya ile kadi kama imeanza kutembea. Inauliza, inauliza, haijibiwi."

"Lakini kila kadi iko na saa yake, Muzee! Njo inaipa mapigo."

"Ile ya kweli, ndiyo. Hii ya kuigiza walisahau kuitia saa. Unataka ingoje mpaka Yesu arudi? Iambie: ukiuliza na usijibiwe, pita."

Riziki akacheka, mara ya kwanza ile siku, akaandika.

Akawasha. "Niko tayari." Akapiga makelele, akanikumbatia. Lakini juu ya yale maneno kulikuwa neno lingine.

Hodi.

"Koko, we njo umeandika hii?"

"Mi? Na vidole gani?"

Tukageuka. Kiti kitupu. Kikombe kimejaa kama nilivyokijaza. Uwanja nilikuwa nimeufagia na kuunyunyizia maji, na alama zilikuwa za kuku tu. Nani anatembea bila kukanyaga? Niambie.

Riziki alilitafuta lile neno ndani ya programu, mustari kwa mustari. Halimo. Jua lilikuwa linashuka. Akatuma hivyo hivyo.

Wakamuita Lilongwe. Nilienda naye, juu singemuacha peke yake na lile neno. Mukubwa wa biro, bwana mmoja Mumalawi mwenye kucheka haraka, akaweka programu kwenye kadi ya kweli, pompe pembeni. Ekrani ikaandika: Hodi. Mumalawi naye anapiga hodi kwao, hakuhitaji kutafsiriwa. Akatabasamu, akafungua mudomo aitike.

Nikamuziba mudomo na kiganja changu. Ndiyo, mukubwa mzima, ndani ya biro yake.

"Koko!" Riziki alitaka kuingia chini ya meza.

"Zikomo, bwana, unisamehe. Hiyo haiitikiwi. Ngoja."

Tukangoja, kiganja kikiwa pale pale. Hodi haikujibiwa, programu ikapita, ikaandika "Niko tayari", na pompe ikaanza kunguruma. Bwana akapangusa mudomo, akaniangalia sana, akamuuliza Riziki: "Huyu koko wako naye anatafuta kazi?"

Riziki alianza Jumatatu.

Mpaka leo ile pompe ikiwashwa inaandika Hodi, hakuna anayeitika, inapita, maji yanatoka. Wamezoea. Lakini kwangu mi nilishaitika. Jua likiwa kali, kile kiti kinalia kama mutu anaketi. Simuogopi. Ninamuambia, "Muzee, inua miguu, nafagia," na ninafagia. Ila kumutoa siwezi. Nilimukaribisha na mudomo wangu mwenyewe.

Basi we unayesoma: ukisikia hodi moja, hata kama mutoto wako analia, hata kama chungu kinaungua, funga mudomo. Ngoja ya pili.