Tumbo la Mama na Mikeka ya Msiba

Mama yangu alitembea na tumbo la miezi saba tangu aliponizaa mpaka nikafika darasa la tatu. Hakukuwa na mtoto ndani. Tulikaa humo wawili, mimi na kaka yangu, tukalitanua, tukatoka, nalo likakataa kurudi. Kaka hakumaliza wiki. Siku zile mtoto mchanga namna hiyo hakuwekewa msiba. Wanawake wazee wachache walimzika nyuma ya migomba, na mama akaambiwa asilie, maziwa yasije yakakauka nami nikamfuata mwenzangu. Basi hakulia. Alijifunga kitenge akaendelea na biashara.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena sabuni na mitumba. Mama alivusha mchele wa Kyela kupeleka kwa ndugu zetu wa Karonga, ng'ambo ya mpaka, akirudi na sukari na vitambaa, na kila alikopita aliulizwa anajifungua lini. Utingo wa basi alimpa kiti cha mbele. Mama alikuwa na majibu yake. "Huyu anasubiri mpunga uvunwe," alisema, na watu wakacheka. Mimi nililipenda tumbo lile kuliko godoro letu la sufi. Nililala juu yake safari nzima. Lakini niliona pia kwamba baada ya kila mzaha mama alikaza kitenge upya, kwa nguvu.

Kisha kitovu kikaanza kutoka. Akikohoa au akiinua gunia, kilichomoza kama yai, na maumivu yalimkalisha chini. Bibi, mama yake baba, mfinyanzi wa Lyulilo aliyekuwa akiishi nasi Ipyana, alimpeleka kwa nguvu hospitali ya misheni, nami nikafuata kwa sababu hakuna aliyenikataza.

Daktari alisema misuli ya tumbo imeachana katikati na utumbo unapenya hapo. Ataishona, na ngozi iliyozidi ataikata. "Lakini siwezi kukuahidi tumbo la usichana," alisema. "Na hii siyo dawa ya unene. Umemaliza kuzaa? Mimba nyingine itafumua kazi yangu yote."

Mama alisema amemaliza. Daktari akamwambia aache ugoro tangu siku ile, maana unachelewesha kidonda kupona. Mama akamtazama bibi, na bibi, ambaye ndiye aliyekuwa akimsagia huo ugoro, akatazama dirishani. Mengine yalikuja taratibu, na daktari hakuficha kitu. Kovu litatoka nyonga hii mpaka nyonga ile. Kitovu kitatengenezewa tundu jipya. Ngozi ya chini inaweza kubaki na ganzi. Atawekewa mpira wa kutolea maji ya kidonda, na ataamshwa atembee hata akigoma, damu isije ikaganda miguuni. Kidonda kinaweza kuota usaha. Atatembea ameinama, na asiguse ndoo wala kubeba mtoto mpaka aruhusiwe. Akikohoa au akicheka, akumbatie mto.

"Na nani atampikia?" bibi akauliza. Mpaka leo naona lilikuwa swali zuri kuliko yote, na mtu yeyote anayetaka kukatwa tumbo aanze na hilo.

Mama alikuwa na swali moja tu. "Wataacha kuniuliza?"

Daktari hakuelewa. Bibi alielewa, na sikuipenda sura yake ilivyobadilika.

Majuma ya kusubiri bila ugoro yalikuwa mabaya. Mama alimgombeza kuku, akamgombeza baba, akagombeza mvua kwa kunyesha. Hatimaye alikatwa, akalala hospitali, akarudishwa nyumbani nyuma ya pikapu, kaegemea magunia, mto tumboni. Alishuka ameinama karibu aguse magoti. Bibi alimfuata akiwa amekumbatia kifuani furushi la mashuka ya hospitali.

Sasa Ipyana ina macho. Wanawake waliona tumbo halipo, mikono mitupu, mgongo umepinda, na mkwe amebeba furushi. Wakajumlisha. Kesho yake asubuhi walijaa uani, vitenge vimefungwa viunoni, wengine na kuni, wengine na mikungu ya ndizi kichwani. Wakatandika mikeka, wakakaa chini, wakaanza kulia.

Ndani, mama alikuwa amekumbatia mto. Kicheko kilikuwa kinampanda na machozi yanamtoka kwa maumivu. "Nenda kawaambie," aliniambia, "kabla sijafumuka."

Nikaenda. Nani amsikilize mtoto katikati ya kilio? Ikabidi mama ajikokote mwenyewe mpaka mlangoni, na walipomwona alivyopinda, kilio kikazidi. Alisubiri wachoke.

"Jamani, sikuwa na mimba," alisema. "Nimekatwa ngozi na kushonwa tumbo. Ni hilo tu."

"Miaka yote hii, ngozi?" akauliza mmoja, bado ana mkungu kichwani. Wawili watatu wakaanza kucheka, na mwingine akaanza kukunja mkeka wake.

Bibi alitoka jikoni, akamnyang'anya mkeka, akautandika upya.

"Kaeni," alisema. "Nyumba hii ina mtoto aliyezikwa bila kilio. Mimi ndiye niliyemwambia mama yake anyamaze." Akakaa chini, akanyoosha miguu, na yeye ndiye aliyeanza.

Mpaka siku ile sikuwahi kumwona mama analia. Alilia ameinama, mto tumboni kama alivyoagizwa, na wanawake wakamshika huku na huku ili nyuzi zisikatike. Nilimwogopea sana, na nilimpenda kuliko siku zote nilizomjua. Jirani mmoja mzee aliuliza kama mtoto alikuwa wa kike au wa kiume.

"Wa kiume," mama akasema. "Alilia kwanza yeye, ndipo huyu akafuata."

Wote wakanigeukia. Sikuwa najua kwamba kaka yangu aliwahi kulia.

Zile kuni tulipikia mpaka zikaisha. Maji walituchotea wao, kwa zamu, na hakuna aliyemruhusu mama hata kuinua birika, kwa hiyo swali la bibi lilijibiwa. Kidonda kilipona vizuri. Kovu lilibaki pana upande mmoja, na chini ya kitovu mama hasikii kitu hata ukimfinya; nimejaribu.

Siku aliporudi soko la Kyela nilikuwa naye. Tumbo lilikuwa limelala chini ya kitenge, na nilitembea pembeni yake nikiwa sijui kichwa changu nikiegemeze wapi. Muuza usipa, ambaye kila gulio alikuwa akimuuliza anajifungua lini, alimtazama tumboni, kisha usoni. Akaacha kupima samaki.

"Pole, Mama Mapacha," alisema.

Mama alisimama wima kabisa. "Ndaga," akajibu, asante ya kwetu.