Timbre Iliyobandikwa kwa Kole ya Tairi

Watu wa mtaa wetu hapa Kolwezi hupenda kunitania kwamba baba aliniuza kwa timbre moja, stempu ya posta. Waongo hao! Lakini tuseme kweli: timbre ilikuwapo, na mambo niliyaharibu mimi kwa mdomo wangu.

Baba ni karani mstaafu wa reli, na hukusanya timbre. Si timbre zote. Anataka zile za ukumbusho zenye michoro ya kale ya Ulaya: malkia wenye shingo ndefu, malaika wanene, farasi vitani. Huzishika kwa kibano, na ole wako uziguse kwa kidole. Katika albamu yake kulikuwa na mfululizo wa timbre nne zilizotolewa enzi za Zaire, kumkumbuka mchoraji fulani wa zamani. Baba alikuwa na tatu. Ya nne, yenye muzee wa kofia nyekundu, aliiona mara moja kwa mwenzake wa kazini, akakataliwa hata kubadilishana. Alikuwa akiitafuta tangu kabla sijazaliwa.

Mimi nilikuwa nimempenda shofa wa lori, kijana wa familia ya Waislamu kutoka Maniema, anayebeba mizigo kutoka Fungurume hadi Kisenge. Dini haikumsumbua baba. Kilichomsumbua ni lori.

"Bashofa beko na bibi ku kila kituo," alisema, mdomo umejaa bukari, ugali wetu.

Nikamjibu kwamba hata makarani wa reli walikuwa na vituo vingi. Mama alinikanyaga mguu chini ya meza.

Basi, siku moja niko saluni namsuka mteja, picha ikaingia kwenye simu. Shofa wangu, niliyekuwa nimemsimulia habari za timbre ya baba, huko Kisenge alikuwa amepewa timbre safi, haijatumika, na katekista mmoja mzee aliyekuwa na sanduku la barua za zamani. Muzee wa kofia nyekundu! Nilipiga kelele mpaka mteja akadhani nyoka ameingia. Nikampigia shofa papo hapo. Familia yake ilikuwa inaandaa barua ya posa, nami nikamwambia: "Tia timbre ku barua!"

Nilitaka aitie ndani, imefungwa kwenye karatasi. Yeye alinielewa kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angenielewa: akaibandika juu ya bahasha. Na kwa kuwa shofa haamini mate, alitumia kole, gundi ile ya kuzibia mipira ya tairi.

Shangazi zake waliileta Jumapili. Baba aliipokea kwa uso wa hakimu, akaigeuza, akaiona timbre. Wageni walipoondoka alikwenda kuleta miwani, kisha kibano. Alijaribu ukingo mmoja. Timbre haikutikisika. Alijaribu mvuke wa birika, wapi!

"Ni mupumbafu gani alifanya hii kintu?" akauliza, karibu kulia.

Nilimpigia shofa nikamtukana mpaka pumzi ikaniishia. Naye, maskini, akajibu kwa fahari: "Ile kole haitoke, hata bahasha ianguke ku maji ya Nzilo!"

Aliyekuja kutaja balaa lenyewe ni shangazi yangu, dada yake baba. Kwetu barua ya posa ikikataliwa hurudishwa nzima, pamoja na bahasha yake. Ukibakiza hata kipande, umekubali.

"Basi kaka, rudisha," alisema. "Na huyo muzee wa kofia aende zake."

Siku nne bahasha ilikaa juu ya redio. Baba alikuwa akiikaribia, anaitazama, anaguna, anarudi kuketi. Kama ingerudi, ndiyo basi. Familia ile ina heshima yake, isingeleta nyingine. Nilimwonea hasira baba, nikamwonea hasira shofa, nikajionea hasira mwenyewe.

Siku ya tano, baada ya chakula cha mchana, shangazi akaja kuichukua airudishe. Baba akaketi mezani na mkasi. Akaingiza makali kwenye pembe ya bahasha, mbali kidogo na meno ya timbre, halafu akasita. Nilidhani anapima. Kumbe alikuwa ananitazama mimi.

"Mi nilisema yangu, shangazi yako akasema yake," alisema polepole. "Weye hakuna mutu alikuuliza. Nikikata, nimekubali. Unamupenda ule kijana?"

Mimi huyu, ambaye mdomo wangu unajulikana mpaka sokoni, nilianza kulia mbele ya wote. Shangazi akanyoosha mkono kuichukua bahasha.

"Kata, tata," nikamwambia baba.