Askofu wa Mfua Mashuka

Mfua mashuka wa hospitali hucheza sataranji nami mchana, juu ya pipa la sabuni tuliloliwekea ubao. Vidole vyake vimekunjamana kwa maji; kete huishika kwa vyote vitano, kana kwamba itamponyoka. Kila siku namjibu kwa ulinzi wa Kisisilia, na kila siku, hatua ya pili tu, anamtoa askofu. Nami nasukuma askari mmoja, kisha mwingine, mpaka askofu arudi nyuma. “Pole, mzee wangu,” yeye humwambia askofu wake, akimrudisha taratibu.

Jana uvumilivu ulinishinda. “Kaka, si utoe farasi kwanza? Huyu namfukuza kila siku!”

Alifikicha macho, akaitazama mashine ya kufulia. “Najua, mdogo wangu. Lakini sisi mchezo tuliwahi kuumaliza lini? Hiyo ikilia tu, naondoka. Askofu anakwenda mbali kwa hatua moja. Angalau mmoja wetu awe amefika mahali.”

Mashine ikalia. Akainuka, mikono magotini, akaenda. Askari niliyekwisha kumsukuma amfukuze askofu, nikamrudisha nyuma, ingawa sheria hairuhusu.