Seli Iliyoanikwa Juani

Miaka ya Ujamaa nilikuwa fundi wa mita za umeme Lushoto. Karakana ilikuwa na seli moja ya kioo, aina ya betri, ya tangu ukoloni, tuliyotumia kuhakiki vipimo vyetu vyote. Haikutakiwa kupata joto.

Wiki nzima nilinung'unika kwamba imechoka. Asubuhi moja, ukungu ulipoondoka, nikaikuta imeanikwa juu ya jiwe. Mama aliyetufagilia karakana alikuwa ameketi kando, anailinda.

“Shikamoo mama. Nani kaitoa hii?”

“Marahaba mwanangu. Ni mimi. Betri za redio yangu zikichoka huwa nazianika, zinapata nguvu.”

Seli ilikwisha haribika. Nilitaka kufoka, nikaziona betri zake. Alikuwa amezisogeza kivulini, ili kale kajua kadogo kaitoshe yangu.