Mahindi Yaliyotengwa kwa Pombe

Katika miaka ya sabini nilimsaidia daktari mzungu aliyechunguza kama sumu ya ukungu wa mahindi ndiyo iliyoharibu seli za ini za wagonjwa wetu. Kila boma la Kebirigo lilitupatia mahindi safi, naye akataka kuacha utafiti.

“Daktari, wewe ni mgeni,” nikamwambia. “Hapa mgeni hupewa yaliyochaguliwa.”

Nikarudi peke yangu kwa mama mmoja, nikamwomba yale aliyoyatenga kwa pombe.

“Hayo yaliyooza? Unataka mzungu anicheke?”

“Mama, ndiyo anayoyatafuta.”

“Basi ana njaa huyo!”

Alinijazia kikopo, na chini ya hadubini ukungu ulionekana wazi. Utafiti ukaendelea. Tangu hapo daktari alibaki garini, na mimi niliyeishia darasa la saba ndiye niliyeingia kuomba.