Shati la Shimba

Hadi mwisho wa maisha yake, Suzana Masalu alibisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Aliishi peke yake. Kufuli alilifunga yeye asubuhi, na ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga yake. Hata hivyo, akifika mlangoni alisema "Hodi," akasimama kidogo, kama mtu anayempa mwenyeji nafasi ya kujiweka sawa, ndipo akafungua. Watoto wa jirani walimwitikia kutoka uani kwao, "Karibu, bibi," wakicheka. Naye aliwajibu "Asante" bila kugeuka.

Modesta alipoiona tabia hiyo mara ya kwanza aliiandika kwenye daftari na kuipigia mstari. Alikuwa akijifunza kutibu watu wakati ule, na mwanafunzi huona dalili kila mahali. Baadaye aliuliza, akaambiwa kwamba si ugonjwa wala si huzuni. Mama mkwe wake Suzana ndiye aliyemfundisha, mwaka alioolewa, kwamba nyumba isiyobishwa hodi huzoea dharau. Mama mkwe alikufa, mume naye akafuata, hodi ikabaki.

Nyumba hiyo ilikuwa Kayenze, hatua chache kutoka mwaloni, mahali mitumbwi inapotia nanga na dagaa huanikwa juu ya vichanja. Suzana alianika dagaa kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo. Watu walimwita Mama Shimba, kwa jina la mtoto wake wa pekee, na hawakuacha kumwita hivyo hata baada ya Februari ya mwaka 2019, Shimba alipotoka na wenzake watatu kuvua na mtumbwi wao ukakutwa umepinduka. Wale watatu walipatikana. Shimba hakupatikana.

Ukoo wa mumewe ulikuwa na desturi yake kwa mtu ambaye ziwa limekataa kumrudisha. Huchukuliwa nguo aliyoivua mwisho nyumbani, ikiwa na jasho lake, haijafuliwa, ikazikwa kama anavyozikwa mtu: kwa sanduku, kwa maombi, kwa chakula cha watu wote. Nguo ya Shimba ilikuwa shati la mistari ya kijani, lililoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Shemeji yake Suzana, mzee Machibya, alikuja kuliomba mwaka wa kwanza, akaja wa pili, akaja wa tatu. Kila mara Suzana alimpikia, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Shemeji, mkono wangu bado haujafika pale kwenye msumari."

Mkono huo ndio uliomleta kwa Modesta.

Modesta Mutayoba alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Muleba, afisa ustawi wa jamii. Mwaka 2024, kila Ijumaa alasiri, alikwenda Nyegezi kwenye ukumbi wa kupanga ambako watu kumi na watano, wauguzi, walimu na katekista mmoja, walijifunza namna ya kuwatibu watu kwa maigizo na hadithi. Walivua viatu mlangoni. Walitembea kama vikongwe, walisimuliana siku zao kama ngano za sungura na fisi, mmoja akawa mvua na mwingine akawa bati. Modesta hakuwa mwepesi wa kucheza. Alikuwa hodari wa kuandika, na daftari lake ndilo wenzake waliloazima kila mtihani ulipokaribia.

Mkufunzi wao, Deodatus, mtu mfupi aliyewahi kufundisha sekondari, alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka wakaichoka. Mtu akicheza nafasi ya mtu mwingine, hasa ya marehemu, hatoki ukumbini hivi hivi. Husimama katikati, hujipukuta mikono na mabega, hurudisha kitu alichopewa, kisha hutaja jina lake na la baba yake mbele ya wote na kusema, mimi si fulani.

"Hata kama mmechoka," alisema Deodatus. "Hata kama watu wanacheka. Usipomtoa, umemwacha mtu ndani ya hadithi ya mwenzake, na hadithi ya mwenzako haina jiko wala choo. Haikaliki."

Kwa mazoezi ya vitendo kila mwanafunzi alitakiwa kuwa na kikundi chake. Modesta alichagua Kayenze, ukumbi wa kigango, Jumamosi asubuhi. Walikuja wanawake tisa na wanaume wawili, kila mmoja ziwa lilikuwa limemchukulia mtu.

"Kwa hiyo tunacheza tu?" aliuliza Kija, mjane mnene aliyeuza mihogo ya kukaanga mwaloni. "Nimeacha mihogo kwenye mafuta nije kucheza?"

"Tunacheza ili tuseme, dada Kija."

"Kusema mimi nasema bure, mwalimu. Marehemu mume wangu angekuwepo ungemuuliza. Nadhani alikwenda majini kutafuta ukimya."

Walicheka, hata Suzana akacheka kidogo. Ilipofika zamu yake kueleza kilichomleta, alisema, "Nimesikia mnafundisha watu kuachia. Mimi nina shati. Nataka niweze kulitoa likazikwe. Sina lingine."

Modesta aliandika maneno hayo kama yalivyo.

Siku ambayo mkono ulifika kwenye msumari ilikuwa Jumamosi ya Aprili. Suzana aliingia ukumbini na shati limekunjwa ndani ya kanga, akasema anataka kuongea na mwanawe. Modesta akamwambia achague wa kukaa kwenye kiti. Akamchagua Jonathan, fundi wa taa za sola za mitumbwi, mwanamume wa miaka thelathini na moja aliyempoteza kaka. Mama yake Jonathan alikufa yeye akiwa na miaka minne, naye hakumkumbuka sura. Jonathan alilivaa lile shati. Lilimkaa.

"Siku ile ulikula nini kabla hujatoka?" Suzana aliuliza.

Jonathan alimtazama Modesta. Modesta akatikisa kichwa kumkubalia.

"Ugali, mama."

"Nilikukaripia. Nilisema unakula kama unafukuzwa."

"Nilishasahau."

"Hukuniaga."

"Nilijua narudi."

Wanawake walikuwa wameshika kanga zao midomoni. Hapo ndipo pangetosha. Lakini Jonathan, ambaye hakuwa ameulizwa kitu, alisema, "Usikae na njaa kwa ajili yangu, mama. Jumapili nitakuja tule."

Suzana akaufunika uso wake kwa viganja. Modesta alikuwa anainuka kwenda katikati, amtoe Jonathan kwenye nafasi aliyoivaa, bati lilipoanza kulia. Mvua. Nje vichanja vyote vilikuwa vimejaa dagaa wa asubuhi, na dagaa wakilowa wakiwa nusu wamekauka, kazi yote imeoza. Ukumbi ulimwagika mara moja. Kija alitangulia licha ya unene wake. Suzana alikimbia, Jonathan akamfuata na shati lake la mistari, Modesta naye akavua viatu akaenda kushika pembe ya turubai. Walifunika wakacheka, wakalowana. Chini ya turubai Modesta alimwona Suzana akimpangusa Jonathan maji usoni kwa pindo la kanga, na moyoni akasema kazi imefanyika. Jioni aliandika: amefunguka.

Jumapili Jonathan alikwenda kula. Aliitwa, na mtu akiitwa na mama huenda. Akaenda na iliyofuata. Suzana akanenepa kidogo, akapaka nyumba chokaa, akaanza kuimba kwenye vichanja. Aliposema "mwanangu" hakuna aliyeshtuka, maana mwaloni kila kijana ni mwana wa kila mama. Modesta aliandika ripoti ya kurasa nane juu yake. Ilikuwa ripoti nzuri.

Mwezi wa nane simu ililia. Alikuwa mzee Machibya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, ulimpa shemeji yangu dawa gani?"

"Sikumpa dawa yoyote, mzee."

"Basi umempa mtoto. Nimekwenda na tarehe ya maziko, ukoo umekubaliana, jamaa wanatoka mpaka Magu. Ananiambia shati lina mwenyewe, analivaa Jumapili. Mwenyewe yupi?"

Ijumaa ile Modesta aliipeleka ripoti kwa Deodatus pamoja na maneno ya mzee. Deodatus alisoma kurasa zote nane taratibu, kisha akauliza kitu kimoja. "Jonathan alitoka lini?"

"Mvua ilinyesha, mwalimu. Dagaa walikuwa nje."

"Nimeuliza alitoka lini."

"Hakutoka."

Deodatus hakumkaripia, na hilo lilimuuma zaidi. Alimrudishia karatasi. "Nenda kamtoe."

"Imepita miezi minne. Atampoteza mara ya pili."

"Ndiyo. Na usipokwenda, hatamzika kamwe. Hakuja kwako kutafutiwa mtoto. Alikuja na shati."

Modesta alimkuta Jonathan kwenye banda lake, ameinamia betri. Alimweleza. Jonathan hakuinua kichwa.

"Dada, mimi nilijua tangu Jumapili ya tatu. Aliniita Shimba, nikaitika."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, halafu nani angenipikia Jumapili?" Akakaza skrubu moja, akailegeza tena. "Sisemi kwa ubaya. Nakuambia ilivyo."

Walikwenda pamoja Jumamosi asubuhi, Jonathan amelivaa shati la mistari. Suzana alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani anapembua mchele. Aliwakaribisha, akasalimiwa, akaitikia, mikono yake haikuacha ungo. Modesta alipiga magoti kwenye mkeka, jambo ambalo kwao Muleba si la ajabu kwa mwanamke mbele ya mkubwa, akasema, "Mama, nimekuja na kosa langu. Siku ya mvua nilitakiwa nimtoe Jonathan kwenye nafasi ya Shimba. Sikumtoa. Yaliyofuata yote ni yangu mimi, si yake wala si yako."

Suzana alitoa kijiwe kwenye mchele akakitupa uani.

Jonathan akasimama. Alijipukuta mikono na mabega kama walivyofundishwa, akalivua shati, akabaki na fulana, akalinyoosha mbele. "Mimi ni Jonathan, mtoto wa Chenge," alisema. "Mimi si Shimba."

"Sema tena," alisema Suzana.

Akasema tena.

"Tena."

Mara ya tatu Jonathan hakufika mwisho.

Suzana aliweka ungo chini, akalipokea shati, akaliinua mpaka puani. Modesta, ambaye alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa laana, hata kwa kufukuzwa, hakuwa amejiandaa kwa alichokisikia.

"Umelifua," alisema Suzana.

"Kila Ijumaa, mama. Sikutaka nije kwako mchafu."

Hapo wote watatu walielewa. Jasho la Shimba, la mwisho lililokuwa limebaki juu ya ardhi, lilikuwa limeondoka na sabuni na kumwagwa uani kwa Jonathan. Hakuna kanuni ya Nyegezi iliyosema lolote juu ya hilo. Modesta alibaki pale kwenye mkeka. Suzana alilia bila sauti, mpaka jua likahama kutoka barazani. Kisha akawaambia waende.

Kwa wiki mbili hakuonekana kwenye vichanja. Kija alimpelekea uji, akarudi akisema anaunywa, lakini haongei, "na mimi nikiwa pale mtu asiyeongea anapata tabu sana." Wiki ya tatu Suzana mwenyewe alimpigia simu mzee Machibya, akamwambia apange siku.

Wazee walinung'unika. Shati limefuliwa, limevaliwa na mtu wa ukoo mwingine, utalizikaje? Suzana aliwaandalia chai, akawaacha wamalize. "Nililishikilia miaka mitano nikamnyima mwanangu kaburi," aliwaambia. "Harufu yake nilikuwa nayo, na haikunisaidia kumzika. Sasa haipo, na mkono umefika. Mkisubiri tena, mtanizika mimi nalo." Mzee Machibya aliweka kikombe chini akasema maziko ni Jumamosi.

Walizika mwishoni mwa mwezi wa tisa, pembeni mwa kaburi la mumewe. Sanduku lilikuwa dogo, limebebwa na watu wanne, na Jonathan alikuwa mmoja wao. Suzana ndiye aliyetaka hivyo. Aliweka udongo kwa mkono wake. Katekista aliposoma jina la marehemu, sauti ya Suzana ilikuwa miongoni mwa zilizoitikia.

Modesta alisimama nyuma kabisa, karibu na uzio wa minyaa, mkoba begani na daftari ndani yake. Ripoti alikuwa ameiandika upya, na Deodatus alimpa alama za kumtosha kupita, si zaidi. Hakujua kama alikuwa na haki ya kuwa pale. Watu walipoanza kukaa makundi makundi kusubiri wali, alijongea kuelekea njiani.

Yeye na Suzana hawakuonana tena baada ya siku hiyo. Novemba Modesta alihamishiwa wilaya nyingine, ng'ambo ya ziwa, na mwaka uliofuata, mwezi wa sita, presha ilimchukua Suzana. Kija alimpigia Modesta simu matanga yakiwa yameshakwisha. Jonathan, alisema Kija, ndiye aliyechimba kaburi, na mpaka Suzana anakufa alikuwa bado akienda kula kwake Jumapili, kwa jina lake mwenyewe, Jonathan.

Lakini siku ile ya kuzika shati, Modesta alipofika kwenye uzio, Suzana alimfuata akiwa na udongo bado mkononi, akaushika mkoba wake, akaushusha begani, akauweka chini juu ya majani.

"Leo umekuja kuzika, hukuja kufundisha," alisema. "Kaa ule."